Pua ya Ghala la Filamu

Kwenye karatasi za chuo aliandikwa msaidizi wa ghala, lakini kuanzia mkurugenzi wa kituo cha filamu hadi mwanafunzi aliyeripoti jana, wote walimwita Mama Pua, naye aliitika. Mwingine angenuna mwezi mzima kwa jina kama hilo. Yeye alitembea nalo kifua mbele, na alikuwa na haki, maana pua hiyo ndiyo iliyomtoa kwenye ndoo na fagio ikampa funguo.

Utaniuliza, pua na filamu wapi na wapi? Tulia, nitakueleza, si jambo gumu. Filamu za zamani, zile za mkanda unaoviringishwa na kufungiwa kwenye kopo la bati, huzeeka vibaya. Mkanda ukianza kuoza hutoa harufu ya siki. Mwanzoni ni harufu ndogo mno, mtu wa kawaida hata akibandika uso pale haipati. Ukiiachia, siki hiyohiyo huzidi kuuozesha mkanda, halafu inatoka nje na kumwambukiza jirani wa kwenye rafu, na jirani naye anampa mwenzake. Dawa hakuna. Kinachosaidia ni kuwahi tu. Kopo lenye harufu linatolewa mara moja, linapelekwa chumba cha nyuma walichokiita wodi, na picha zake zinanakiliwa kabla hazijapotea. Ukichelewa, umezika.

Kituo kile kilikuwa na makopo mia nane na ushei, yamepangwa kwenye rafu za chuma katika ghala lililokuwa chini ya ukumbi wa maonyesho. Ndani kulikuwa na kiyoyozi kilichonguruma mchana kutwa, meza ndefu yenye taa chini ya kioo, na daftari. Kila Jumatatu na kila Alhamisi, Mama Pua alivaa glavu nyeupe, akashusha makopo ya rafu moja, akafungua moja moja, akainama, akavuta pumzi mara mbili, kisha akaandika mbele ya namba ya kopo: salama. Au, mara chache, wodini. Miaka ishirini na tisa alifanya hivyo, na hakuna siku aliyosema wodini ikawa si kweli.

Aliyemwibua alikuwa Mwalimu, mwanamke mwenzake. Mwalimu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kabisa wa kituo kile, akamaliza, akabaki kufundisha kamera mpaka nywele zikawa nyeupe. Siku moja, enzi hizo Mama Pua akiwa bado mfagizi, alisimama na fagio lake mlangoni akasema, "Mwalimu, humu kuna kitu kimechacha," akaenda moja kwa moja hadi rafu ya tatu akaweka kidole juu ya kopo. Mwalimu alilifungua, akanusa, hakusikia kitu. Akalifunga akacheka. Mwezi uliofuata kopo lilelile lilinuka hadi kwenye ngazi. Basi, Mwalimu hakucheka tena. Alikwenda mwenyewe utawala, akapiga meza, na mfagizi akapewa ghala.

Sasa, kopo la mia na kumi na saba. Hili ndilo lenye mambo.

Ndani ya kopo hilo kulikuwa na dakika tisa tu. Mwalimu alizipiga alipokuwa mwanafunzi, zoezi la mwaka wa pili: mwanawe wa kiume, miaka sita, anamwosha mbwa kwenye beseni uani, na mbwa hataki. Hakuna hadithi zaidi ya hiyo. Mwaka uliofuata mtoto aliugua homa ya siku tatu, akafariki. Picha za ukutani Mwalimu alikuwa nazo, lakini kwenye picha ya ukutani mtoto hatikisiki. Anapotikisika, anapogeuka na kucheka na kurusha povu, ni mle ndani ya kopo tu, na nakala nyingine hapakuwa nayo duniani.

Mkurugenzi alishauri mara nyingi inakiliwe. Mwalimu alikataa. Kunakili maana yake mtu auvutie mkanda mbele ya taa, auone wote, na yeye hakuwa ameutazama tangu mazishi. "Siku nikiwa tayari," alisema. Na Mama Pua alimuunga mkono kwa mdomo wake mwenyewe: "Msimsumbue Mwalimu. Mimi nipo. Likianza tu, nitasema."

Tangu astaafu, kila mwaka Mwalimu alifika mara moja, akasimama mlangoni mwa ghala bila kuingia. "Hajambo?" aliuliza. "Hajambo kabisa, Mwalimu," Mama Pua alijibu. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, wakaongea habari za magoti na wajukuu, akaondoka.

Halafu kuna ule mkasa wa vikaratasi. Mkurugenzi alileta pakiti za vikaratasi vya kupimia, unaviweka ndani ya kopo, kopo likiwa gonjwa vinabadilika rangi, kutoka buluu kwenda kijani hadi manjano. Aliviweka mezani kwa heshima zote. Mama Pua alivitazama kama mtu anayeletewa mkwe asiyemtaka. "Mkurugenzi, mimi nimekaa na makopo haya kuliko nilivyokaa na marehemu mume wangu. Karatasi itanifundisha nini?" Watu walicheka, mkurugenzi naye akacheka, na vikaratasi vikaenda kulala kwenye droo ya ofisi yake. Ukweli ni kwamba siku ile alimuumiza Mwalimu bila kujua, ila kicheko kilikuwa kitamu.

Kisha yakaja mafua. Mafua tu, kama ya watu wote. Yalimlaza wiki nzima, yakaondoka, na yalipoondoka yaliondoka na pua.

Hakujua mara moja. Aliyejua ni binti yake, aliyekuwa akiishi naye, siku aliporudi kutoka kazini akakuta nyumba imejaa moshi, maharage yamekuwa makaa, na mama yake ameketi hatua mbili kutoka jikoni anachambua mchele.

"Mama, umekaa hapohapo na vyote vinaungua?"

"Nilikuwa nawaza."

Binti alizima jiko, akafungua madirisha. Akachukua kitunguu, akakikata, akampelekea mama yake puani. "Hiki nini?"

"Kitunguu, si nakiona?"

"Fumba macho."

Alifumba. Binti akabadilisha, akaweka sabuni ya kufulia. Mama Pua alivuta pumzi, akavuta tena, kisha akafumbua macho aone ni nini.

"Waambie kazini," binti alisema. "Kuugua si wizi, mama."

"Nikiwaambia pua imekufa, wataniita Mama nani?"

Binti aliinuka akaenda kukwangua sufuria. Jibu la hilo mimi ninalo. Wangemwita jina lake alilopewa na wazazi wake, jina zuri tu, na maisha yangeendelea. Lakini nenda ukamwambie hivyo mtu ambaye miaka ishirini na tisa ameheshimiwa kwa kitu kimoja.

Alijipa mwezi. Pua itarudi, alisema, hata nguvu za mguu hurudi. Jumatatu alishuka ghalani, akavaa glavu, akafungua kopo, akainama, akavuta pumzi mara mbili. Hakuna. Ilikuwa kama kuingiza mkono kwenye mfuko wa nguo ya mtu mwingine. Akaangalia daftari: mwezi uliopita, salama. Akaandika: salama. Kopo lililofuata, vilevile. Mchana ule alipanda ngazi, akakutana na fundi wa projekta, mzee mwenzake mwenye maneno mengi, ambaye alimuuliza kama kawaida yake, "Wagonjwa wetu?"

"Wazima."

"Pua yako ikistaafu, chuo kifungwe," fundi alisema, akaenda zake akipiga mluzi.

Mwezi ukawa miwili, miwili ikawa sita. Msimu wa joto kiyoyozi kikaharibika, vipuri vikachelewa, na siku kumi na moja ghala lilikuwa tanuri. Mtu yeyote wa kazi ile anajua kwamba joto ndilo humwamsha huyo shetani. Mkurugenzi alishuka mwenyewe, shati limelowa jasho, akamuuliza, "Vipi?" Mama Pua alipita kwenye rafu, akafungua makopo matano mbele yake, akainama, akavuta pumzi. "Vizuri," alisema. Mkurugenzi alishukuru, akarudi juu akiwa amepumua. Mama Pua alibaki amesimama katikati ya makopo mia nane, na kwa mara ya kwanza aliyaogopa.

Baada ya hapo macho yakaanza kumwasha. Kila akifungua makopo, machozi yanamtoka. Akasema vumbi. Akasema miwani. Akasema uzee. Mtu akitaka kudanganywa, hakosi wa kumdanganya, na aliye karibu zaidi ni yeye mwenyewe.

Ukweli ulimfikia kwa mdomo wa mwenyekiti wa klabu ya filamu, msichana wa mwaka wa tatu, mpole, aliyekuja kuchagua filamu za kuonyesha Ijumaa. Aliingia hatua nne, akasimama, akakunja uso.

"Mama Pua, mbona humu kunanuka siki?"

Ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi. Angesema, mwanangu, kimbia kamwite mkurugenzi. Aibu ingekuwa ya siku moja. Huenda nusu ya ghala ingepona. Lakini uongo ulikuwa umekaa karibu na ulimi, ukawahi.

"Nimepigia deki," alisema. "Siki inaua ukungu."

"Aa," alisema msichana, akaamini. Nani angebishana na pua ile kuhusu harufu? Akachukua makopo yake akaondoka, na hata mlango hakuufunga vizuri.

Mama Pua aliketi. Alijua, alijua kabisa, kwamba ameambiwa. Wapi, hakujua. Kopo moja au mia, hakujua. Je, unafikiri alikwenda kusema? Daftari lilikuwa limejaa salama za zaidi ya mwaka, kwa mwandiko wake. Kusema leo ni kusema yote. Basi jioni ile akapita dukani, akanunua chupa ya siki, na Alhamisi akapiga deki kweli, ili uongo wake upate miguu ya kusimamia.

Hapo ndipo ninapotaka kumshika mabega nimtikise. Kwa sababu kuanzia siku hiyo, kila Jumatatu na Alhamisi sakafu ya ghala ilinuka siki ya dukani, na mtu mwingine yeyote mwenye pua yake nzima, fundi, mkurugenzi, wanafunzi, alishuka, akanusa, akasema, "Mama Pua na usafi wake," akapanda tena. Alikuwa amewafisha pua wote.

Mwezi wa kumi na sita tangu mafua, Jumamosi, simu ikalia nyumbani. Alikuwa Mwalimu.

"Nimepofuka jicho moja," Mwalimu alisema, bila utangulizi, ndivyo alivyokuwa. "La pili daktari anasema nisilitegemee sana. Nataka nimwone sasa, ningali na cha kumwonea. Ijumaa saa kumi, kabla klabu hawajaingia ukumbini. Mwambie fundi."

"Sawa, Mwalimu."

"Yuko vizuri?"

"Yuko vizuri."

Binti, aliyekuwa akipiga pasi, aliweka pasi chini. Alimtazama mama yake mpaka mama akatoka nje.

Jumatatu fundi alitaka kopo alipitishe kwenye mashine kwanza, maana mkanda wa miaka arobaini hauchezewi. "Kesho," alisema Mama Pua. Jumanne alisema amebanwa. Jumatano alijificha chooni aliposikia mluzi kwenye ngazi, mwanamke wa miaka hamsini na saba, amekaa juu ya mfuniko wa choo ameshika funguo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na hawakusema kwamba kifo lazima kiwe cha mwenye kuficha.

Alhamisi alilishusha. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akilifungua kopo hilo kama mengine, nusu mfuniko, upesi, bila kutazama, kwa sababu kazi yake haikuwa kutazama. Safari hii mfuniko uling'ang'ania. Aliupenyezea kisu cha bapa, ukatoka na unga wa kutu. Aliwasha taa ya meza.

Mkanda ulikuwa umejikunja kingo kama ubao ulionyeshewa, na juu yake kulikuwa na chembe nyeupe, kama chumvi. Aligusa mwisho wake. Haukukunjuka. Ulikatika, kipande cha urefu wa kidole kikabaki kwenye glavu. Macho yalimwasha sana. Akakirudisha, akafunika, akalirudisha kopo kati ya mia na kumi na sita na mia na kumi na nane, akapanga vizuri ili lilingane na mengine. Kisha akapiga deki.

Ijumaa Mwalimu alifika na teksi, nusu saa kabla. Alikuwa amevaa gauni la kitambaa kizuri, amechana nywele, na fimbo mkononi. Fundi alimshika mkono, wakashuka ngazi pamoja, fundi akichekesha kuhusu mashine yake kwamba ndiyo pekee chuoni iliyo kongwe kuliko yeye. Mama Pua aliwangoja mlangoni mwa ghala. Alikuwa amejiandaa kusema. Tangu alfajiri alikuwa ameyapanga maneno, na sasa yote yalikuwa yamekauka.

Mwalimu alisimama hatua moja kutoka mlangoni. Akainua kichwa.

"Siki," alisema.

"Siku hizi ndiyo deki yake," fundi alidakia. "Utadhani tuko kwenye achari."

Mwalimu hakucheka. Alisogea, akaingia ghalani kwa mara ya kwanza tangu astaafu. Akageuza uso huku na huku, taratibu, jicho moja jeupe na jingine halioni vizuri, mkono umetangulia ukigusa rafu.

"Harufu ya deki hutoka chini," alisema. "Hii iko usoni kwangu."

Fundi aligeuka. Akamtazama Mama Pua, na kile alichokiona kilimfanya aachie mkono wa Mwalimu na kurudi nyuma hadi kwenye ngazi.

"Tangu lini?" aliuliza Mwalimu.

"Pua yangu ilikufa mwaka jana. Miezi kumi na sita." Sauti yake mwenyewe aliisikia ndogo. "Nilikuwa naandika tu, Mwalimu."

"Mangapi?"

"Sijui."

"Rafu gani?"

"Sijui, Mwalimu. Sijui hata rafu moja."

Juu yao, viti vya ukumbi vilianza kulia. Wanachama wa klabu waliwahi, kama desturi yao, wakivuta viti na kucheka. Mwalimu alisikiliza kidogo. Akatafuta ukingo wa meza kwa kiganja, akakaa kwenye stuli.

"Lete lake."

Alilileta. Alilifungua, na hapo hata fundi kule kwenye ngazi alikohoa akaziba pua kwa shati. Mwalimu alikaza macho juu ya kioo chenye taa, akasogeza uso karibu, akaurudisha.

"Naona mwanga tu. Nieleze wewe."

Mama Pua aliinama na kioo cha kukuzia. Hapa angeweza kusema lolote. Mbele yake alikuwa mama asiyeona, na picha ambazo hakuna mwingine duniani angeziona tena. Angesema anacheka, Mwalimu, anarusha povu, na nani angembishia?

"Beseni lipo," alisema. "Mbwa yupo, mgongo. Mkono wa mtoto upo, una povu mpaka hapa kwenye kiwiko."

"Uso?"

"Uso umebanduka."

"Picha inayofuata."

"Nayo umebanduka."

"Vuta mbele."

"Hauvutiki, Mwalimu. Umeshikana wote. Nikivuta unakatika."

Mwalimu aliweka mikono yote miwili juu ya meza, karibu na kopo, bila kuligusa. Alipozungumza hakupandisha sauti, na Mama Pua angependa mno angepandisha.

"Mwaka jana nilikuuliza hapo mlangoni, ukaniambia hajambo. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui," alisema Mama Pua. "Nilikuwa sijui, nikakuambia najua."

Ngazi zilikuwa kimya. Fundi alikuwa amekwenda kumwita mkurugenzi. Mwalimu aliendelea kukaa, uso ameuelekeza kwenye ule mwanga, kama mtu anayemngoja aliyechelewa. Kisha akapapasa meza, akaupata mfuniko uliokuwa na kutu, akausukuma kuelekea kwa Mama Pua.

"Mfunike," alisema. "Ana miaka sita, asikae hivyo mbele za watu."